Arobaini na Mawili kwa Dakika

"Kama unahesabu matone arobaini na mawili kila dakika, hayo maji mengine yako wapi?"

Sista mkuu wa wodi aliniuliza hivyo saa kumi jioni, kidole chake kikiwa juu ya chupa ya dripu. Chupa ile ilitakiwa iwe tupu. Maji yalikuwa bado zaidi ya nusu. Wodi nzima ya wanaume ilinyamaza kusikiliza nitajibu nini, hata wale waliokuwa wakikohoa mchana kutwa. Chini ya chupa alilala mzee mwembamba, amegeukia ukutani, shuka limefika shingoni. Mzee huyo alikuwa baba mkwe wangu.

Nilitazama matone. Yalikuwa yakidondoka vizuri, moja baada ya jingine, kwa mwendo uleule niliouweka asubuhi. Nikayahesabu upya mbele yake, saa ya mkononi nimeiinua usawa wa macho, midomo ikicheza. Arobaini na mawili. Naye akahesabu. Arobaini na mawili.

"Basi ni kama mafuta ya yule mjane wa kwenye Biblia," alisema. "Yanamiminwa na hayapungui."

Mtu mmoja akacheka upande wa dirishani. Masikio yalinichoma.

Nilikuwa katika mwaka wa mafunzo kwa vitendo baada ya digrii ya uuguzi, kwenye hospitali moja ya upande wa mlimani, ambako asubuhi ukungu hushuka mpaka kwenye migomba iliyo nyuma ya jiko la wagonjwa. Nilikuwa sijamaliza hata mwaka tangu niolewe. Mume wangu ni Mmeru wa huko juu. Mimi nimelelewa Olasiti, huko mjini, na wazazi waliokutana kazini, kila mmoja na kabila lake. Nyumbani kwetu tuliongea Kiswahili, na mila zilikuwa vitu vya sikukuu, vya kuvaa na kupiga picha.

Chuoni nilijulikana kwa tabia moja: sikubali jambo mpaka nijue linasimama juu ya nini. Siku tuliyofundishwa hesabu ya dripu, mwalimu aliandika kanuni ubaoni. Unachukua kiasi cha maji unachotaka kiingie mwilini, unazidisha kwa idadi ya matone yanayofanya mililita moja katika mpira ule, unagawanya kwa dakika ulizonazo. Lita moja kwa saa nane, kwa mpira wa matone ishirini, inakupa arobaini na mawili kasoro kidogo. Nikanyoosha mkono. Nani alilipima hilo tone? Tone la maji ya chumvi ni sawa na la maji ya sukari? Chumba kikiwa na baridi kama ya huku kwetu mwezi wa saba, je?

"Mwanangu," mwalimu alisema, "mtihani utakuuliza arobaini na mbili. Mambo ya baridi kamuulize Mungu."

Darasa lilicheka. Kwenye mtihani niliandika arobaini na mbili kama wenzangu, nikajisifu moyoni kwamba angalau mimi nimeiandika bila kuiamini.

Mambo ya ukweni niliyapokea kwa moyo huohuo. Wiki moja kabla ya harusi, shangazi wa mume wangu aliniketisha na kunieleza yanayohusu nyumba ile. Mkamwana haingii chumba cha baba mkwe. Hakai kwenye kitanda chake. Akimkuta kifua wazi, akinawa kwenye mfereji, anarudi alikotoka na kutafuta njia nyingine.

"Na akianguka?" nilimuuliza.

"Utaita mtu."

"Na kama hakuna mtu?"

"Kwetu watu hawakosekani, mama. Si mjini huku."

Nililiona jibu la kitoto. Jioni nilimsimulia mume wangu, tukacheka wote wawili, ingawa nikikumbuka vizuri, mimi ndiye niliyecheka zaidi.

Baba mkwe alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kahawa na ndizi, sauti ya chini. Tangu siku ya harusi aliniita "mama". Hakunitazama usoni hata mara moja. Nikimpelekea chai aliipokea kwa mikono miwili, akasubiri nifike karibu na mlango, kisha akamwambia mtu mwingine yeyote aliyekuwepo, "Mwambieni mama, chai yake ni nzuri." Siku moja hapakuwa na mtu, akamwambia ng'ombe. Nilimsikia kabisa kupitia ukuta wa banda, "Mama ametupikia chai nzuri leo." Nilikwenda kuisimulia hadithi hiyo kazini kama kichekesho.

Alipougua alikuwa ametoka Kikwe, kwa binti yake, alikokwenda kusaidia mavuno. Tumbo lilimwendesha huko, akarudi nyumbani bila kumwambia mtu. Alijificha. Alikuwa akipita nyuma ya migomba kwenda chooni ili mtu asihesabu safari zake, mpaka mama mkwe alipomkuta amekaa chini kwenye njia, hawezi kuinuka. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, fundi wa magari, alimleta kwa pikapu. Midomo ilikuwa imepasuka, macho yamezama, presha imeshuka sana.

Mapokezi walimpa maji ya haraka mpaka presha ikapanda kidogo, wakamleta wodi ya wanaume. Wodi yangu. Daktari alituita pembeni, mimi na mama mkwe na shemeji, akaeleza kwa lugha ya kawaida. Mzee amekauka kwa muda mrefu, na figo zimetikisika. Moyo nao ni wa zamani, hauwezi kubeba maji mengi kwa mpigo. Kwa hiyo maji yataingia polepole na kwa kipimo, lita moja kwa saa nane, na kila mkojo atakaotoa utapimwa.

"Figo zikianza kutoa mkojo, tumeshapona," alisema. "Zisipotoa, kesho asubuhi tunamhamishia hospitali kubwa, nje ya mkoa, akasafishwe damu kwa mashine."

Mama mkwe aliposikia neno mashine alikaa chini palepale kwenye sakafu ya korido, kanga ikamdondoka begani. Kijijini kwao watu wawili walikuwa wamepelekwa kwenye mashine hiyo. Wote walirudi ndani ya sanduku.

"Baba yao hatarudi," alisema. Hakulia. Alinishika mkono. "Wewe ndiye umesoma, mwanangu. Asiende huko."

Hilo ndilo lilikuwa mabegani mwangu siku ile, na nililichukua kwa furaha. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilifurahi kwamba hatimaye ukweni watanihitaji kwa kitu kingine zaidi ya chai.

Sista mkuu alinifuata kwenye chumba cha dawa. "Huyu si baba mkwe wako? Leo nikupeleke wodi ya watoto. Hapa atabaki mwingine."

"Hakuna haja, sista. Mgonjwa ni mgonjwa. Hapa ndani hakuna mkwe."

"Kwenu nyie wasomi, sawa. Yeye umemuuliza?"

Nilijifanya natafuta pamba.

Nilitundika chupa saa mbili asubuhi. Nilibandika ukanda wa plasta ubavuni mwa chupa na kuuchora mistari, kila mstari na saa yake, ili hata mtu akipita mbali aone maji yanatakiwa kuwa wapi. Nilizungusha kigurudumu cha kubana mpira, nikahesabu, nikakaza kidogo, nikahesabu tena mpaka nikapata arobaini na mawili. Mzee alinipa mkono wake kama vile si wake, macho yapo darini. Mkono ulikuwa na alama za kazi, na ngozi niliyoivuta ilibaki imesimama.

Kisha nikamwonyesha chupa ya mkojo, ile ya plastiki yenye shingo pana, nikaining'iniza kwenye ukingo wa kitanda.

"Baba, ukibanwa na haja ndogo usiinuke, presha itashuka uanguke. Niite. Nitakushikia chupa, halafu nitapima."

Alifumba macho. "Nimesikia, mama."

Ingetosha. Lakini niliona wodi inasikiliza, nikataka wodi ijue mimi ni mtu wa namna gani. Nikaongeza kwa sauti ya mhadhara, "Wala usione aibu, baba. Mimi nimeshika chupa za wanaume wengi."

Kitanda cha dirishani kililipuka kwa kicheko na kikohozi kwa pamoja. Aliyelala pale alikuwa mfugaji na mkulima, Mwarusha wa magharibi ya mlima, amelazwa kwa ajili ya kifua. Aliwaita wauguzi wote "yeyo", yaani mama kwa Kimaa, na hakuacha jambo lipite bila kulitania.

"Eeh, yeyo!" alisema alipopata pumzi. "Hayo ya chupa usimwambie mumeo!"

Wodi ilicheka. Nami nilicheka, kuonyesha kwamba sijali. Baba mkwe hakucheka. Alijivuta taratibu kuelekea ukutani, mkono wenye dripu akauingiza chini ya shuka pamoja na sehemu ya mpira. Nilimwambia aunyooshe. Akaunyoosha, nikaondoka.

Nilikuwa na vitanda vingine vingi. Nilipita kwake kila nilipopata nafasi, nikasimama chini ya chupa na kuhesabu. Mwarusha wa dirishani aliiona midomo yangu ikicheza, akanipa jina. "Sista Arobaini na Mbili amekuja," alikuwa akitangaza kila nikitokea mlangoni, kwa sauti kubwa, kama kondakta. Nilikuwa napata hesabu ileile kila mara. Sikumbuki hata mara moja ambapo matone yalikuwa pungufu.

Lakini maji hayakuwa yakifuata mistari yangu. Saa sita mchana yalikuwa juu sana ya pale nilipochora. Niliinua nguzo ya dripu. Nilikagua kanula, ule mrija mdogo ulioingia mshipani mkononi mwake. Nilifikiri labda nimechora mistari vibaya, nikaipima tena kwa jicho. Matone yalikuwa yanadondoka mbele yangu, mazuri, yenye adabu. Nikaamini matone.

Baada ya muda damu ilipanda kwenye mpira na kuganda, kanula ikaziba. Sikuelewa kwa nini. Dripu inayotembea haizibi hivyo. Ilibidi niitoe na kutafuta mshipa mwingine mkono wa pili. Mishipa yake ilikuwa imesinyaa. Nilimchoma, nikakosa. Nilimchoma tena.

"Pole, baba."

"Pole na kazi, mama."

Wakati wa kuona wagonjwa mama mkwe aliingia na chupa ya uji, akamimina kwenye kikombe, akampulizia. Mzee alilowanisha midomo, akageuza uso.

"Hataki," mama mkwe aliniambia huko nje, akifunga kifuniko cha chupa ya uji kwa nguvu kama anaigombeza. "Miaka yote niliyoishi naye hajawahi kukataa uji. Mwanangu, figo zikifa mtu anakataa uji?"

Nilimwambia tusubiri. Nilirudi nikavuta pazia, nikachukua ile chupa ya mkojo.

"Tujaribu, baba."

"Bado, mama."

"Jaribu tu."

Niliishika pale. Nilisubiri. Nikakumbuka mbinu ya wodi ya watoto, nikanyoosha mkono nje ya pazia na kufungua bomba la sinki, maji yakaanza kuchuruzika kwa sauti ili yauite mkojo. Wodi yote ilisikia bomba, na wodi yote ilijua linafunguliwa kwa nini. Mkono wake ulishika chuma cha kitanda mpaka vifundo vikabadilika rangi. Alitoa kiasi cha vijiko vichache, cha rangi ya chai. Nilikipima, nikakiandika. Nilipogeuka alikuwa amejifunika shuka mpaka kichwani. Nilidhani amechoka.

Saa kumi ndipo sista mkuu alipouliza lile swali.

Daktari alikuja baada yake. Alitazama chupa, akatazama nilichoandika, akatazama chupa. Hakunigombeza, na ningependa angegombeza. "Tatizo ni hili," alisema. "Mkojo ni kidogo sana. Lakini sasa sijui kama figo zimegoma au hazijapewa kazi. Nikimwongezea maji na zimegoma, yatajaa kwenye mapafu. Nisipomwongezea na hazijagoma, ninamuua kwa kiu."

Alikata shauri. Sista mkuu mwenyewe atashika kitanda kile. Mpira ubadilishwe, chupa mpya itundikwe, ianze upya kwa mwendo uleule. Ndugu mmoja wa kiume aruhusiwe kukaa kando ya kitanda hadi asubuhi. Gari la wagonjwa liwekewe mafuta. Kukicha bila mkojo wa kutosha, linaondoka.

Mimi nilipelekwa kupanga mashuka.

Shemeji alinikuta kwenye kabati la mashuka. Alikuwa ametoka gereji, mikono ina grisi, na hofu yake ilikuwa imegeuka maneno. "Shemeji, hiyo digrii yako imetukaushia mzee."

"Nimehesabu, shemeji. Nimehesabu kila mara."

"Umehesabu nini sasa? Mimi nikikwambia nimejaza oili na injini ikafa, utaniuliza nilihesabu?"

Pale getini, mama mkwe alikuwa tayari ameagiza mchungaji aitwe. Nilipita karibu naye kwenda nyumbani. Alinishika mkono kama asubuhi, lakini safari hii hakusema kwamba mimi ndiye niliyesoma.

Kesho yake nilipanda mlima kwa miguu kutoka barabarani, ndani ya ukungu, nikitafuta gari la wagonjwa kwa macho. Niliposikia maji yakimwagwa nikaliona. Lilikuwa limesimama mahali pake, dereva analiosha, anaimba wimbo wa kanisani. Nikaingia wodini. Shemeji alikuwa amelala kwenye kiti, kichwa ukutani, mdomo wazi. Chupa ya dripu ilikuwa imeisha kama ilivyotakiwa. Na ile chupa ya mkojo ilikuwa imejaa, na sista mkuu alisema hiyo ilikuwa mara ya pili.

"Nimebadilisha mpira tu," aliniambia, bila ukali. "Ama ule wako ulikuwa mbovu, ama ni jicho lako."

Nilikwenda kwenye pipa la taka kuutafuta ule wa kwanza. Taka zilikuwa zimeshachomwa.

Baada ya kuruhusiwa, nyumbani kulifanyika ibada ya shukrani. Mbuzi alichinjwa, ndizi zikapikwa kwenye masufuria yale ya msibani na harusini. Baba mkwe alisimama mbele ya watu, amepungua ndani ya koti lake, akamshukuru Mungu, akawashukuru madaktari, akamshukuru sista mkuu, akamshukuru mwanawe mkubwa aliyekesha naye. Mimi nilikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la nyama. Macho yake yalifika kwenye sinia, yakashuka chini, akakaa.

"Na yale matone arobaini na mawili tusiyasahau!" shemeji alipaza sauti, na ua mzima ukaangua kicheko. Mume wangu naye alicheka, kisha akaniona, akaacha.

Nilikielewa kile kimya cha baba mkwe kama hukumu. Anajua nusura nimpeleke kwenye mashine. Tangu siku ile nikawa mkamwana mwema kupita kiasi. Nilipeleka chai, nikarudi jikoni. Nikimwona mferejini nilipita njia ya mbali. Shangazi yule aliyenifundisha mambo ya ukweni aliniambia mbele ya wanawake wenzake, "Sasa umetulia, mama," wakakubali kwa vichwa. Hakujua kwamba sikuwa nimeamini chochote. Nilikuwa naona aibu tu, na kwa mbali aibu na adabu zinafanana.

Sikuacha kulitafuta jibu. Niliomba mipira ya dripu iliyokuwa imepitwa na tarehe, nikaitundika kwenye dirisha la jiko nyumbani kwetu, nikawa nadondoshea maji kwenye bomba la sindano lenye alama. Matone ishirini, mililita moja. Mpira mwingine, ishirini. Nilijaribu asubuhi ya baridi na mchana wa jua, yale maswali niliyomuuliza mwalimu, na tofauti niliyoipata haikuwa ya kumkausha mtu. Nililinganisha saa yangu ya mkononi na ya simu. Haikuwa na kasoro. Mume wangu alisimama mlangoni akanitazama nikihesabu, akasema, "Achana nayo. Mzee amepona." Lakini kwangu hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kama mpira ni mzima, na saa ni nzima, na kanuni ni ya kweli, kilichobaki ni mimi.

Kwa hiyo, kila wodi niliyofanya kazi baada ya pale, nikishahesabu dripu nilimwita mwenzangu ahesabu tena. Wengine walidhani ni umakini, wakanisifu. Wengine walichoka. "Dada, umesoma digrii, huamini hata macho yako?" Nilikuwa naitikia kwa kucheka. Macho yangu hasa ndiyo nisiyoyaamini.

Baba mkwe aliishi miaka mingine, akapogoa kahawa yake, akaendelea kumwambia ng'ombe kwamba chai yangu ni nzuri. Alipolala kitandani mara ya mwisho hakupelekwa hospitali. Ulikuwa uzee tu. Wanawe walimwosha na kumgeuza kwa zamu. Mimi, muuguzi pekee katika familia, nilikaa uani na wanawake, nikimenya ndizi. Hakuna aliyeniita, na sikushangaa. Niliona wana haki ya kuogopa mikono yangu.

Miezi mingi baada ya mazishi nilikuwa Kwa Mrombo, sokoni, nachagua viazi, niliposikia sauti nyuma yangu.

"Sista Arobaini na Mbili!"

Nilimtambua kwa kile kicheko chenye kikohozi kabla ya sura. Mwarusha wa dirishani. Alikuwa amenenepa, ameshika kamba yenye mbuzi wawili. Aliniamkia kwa utani, mimi nikamwamkia kwa heshima, shikamoo, akaitikia marahaba ndefu.

"Yule mzee wako, mkwe, yupo?"

"Tulimzika, baba."

Alivua kofia. Mbuzi walivuta kamba kuelekea majani ya kabichi yaliyotupwa. "Alikuwa mtu," alisema. Kisha akanitazama kama anayepima kitu. "Basi sasa naweza kukuambia. Aliniapisha nisiseme akiwa hai. Wewe ile siku walikuaibisha kwa ajili ya dripu, siyo?"

Uso uliniwaka moto palepale, kwenye viazi, kana kwamba sista mkuu amesimama mbele yangu. Nilimwambia ulikuwa mpira mbovu.

"Ulikuwa mbovu?"

"Walibadilisha, maji yakaenda."

"Walibadilisha mpira tu, yeyo? Hakuna kingine kilichobadilika jioni ile?"

Aliinua kamba ya mbuzi, akaikunja katikati, akaibana kwa kidole gumba.

"Hivi," alisema. "Chini ya shuka. Ukitoka tu, anakunja. Kwa nini unafikiri nilikuwa natangaza kila ukifika mlangoni? Akinisikia, anaachia. Unakuja, unahesabu, arobaini na mbili. Unaondoka, anakunja."

"Kwa nini?"

"Nilimuuliza. Nikamwambia, mzee, utakufa. Akaniambia maji yakiingia yatataka kutoka, na wa kushika chupa ni mke wa mwanawe. Akasema hata uji hanywi."

Mbuzi mmoja alifika kwenye kabichi. Yule Mwarusha aliiachia kamba kidogo ili ale, akaongeza jambo la mwisho, lile ambalo hakuna hesabu yangu ingelifikia: jioni ile, shemeji alipoingia na kuvuta kiti karibu na kitanda, mzee aliuachia mpira, akautoa mkono nje ya shuka, akaomba uji.